Mama Atimizapo Miaka Hamsini

Mwezi huu tuzungumzie jambo ambalo waume wengi hulichukulia kwa wepesi: namna ya kuadhimisha siku mke anapotimiza miaka hamsini.

Wazee wetu wengi hawakujua tarehe zao za kuzaliwa. Walihesabu marika, misimu ya mvua na miaka ya njaa. Watoto wetu wa leo wanazijua tarehe zetu, nao hawakubali zipite hivi hivi. Si vibaya, kwani kumshukuru Mungu kwa ajili ya uhai ni sala. Lakini hebu tujiulize: siku hiyo tunamshukuru Mungu, au tunawaonyesha majirani?

Mnajua jinsi sherehe nyingi zinavyokwenda. Hukodiwa viti na vipaza sauti, huchinjwa mbuzi watatu, hualikwa ukoo mzima pamoja na wanachama wa chama. Kisha yule yule anayesherehekewa huamka saa kumi za usiku kuchagua mchele. Jioni wageni wanaondoka wameshiba, mama miguu imevimba, na karo ya muhula ujao imekwisha kuliwa. Mume na mke hawakupata hata nusu saa ya kuketi pamoja.

Kwa sababu hiyo baadhi ya jamaa sasa huchagua njia nyingine: baba, mama na watoto huenda kupiga kambi kwa usiku mmoja au miwili. Mimi naiunga mkono njia hii, lakini kwa masharti.

Mungu mwenyewe aliwapeleka watu wake vibandani

Wako wanaosema kulala hemani ni mtindo wa wageni. La hasha! Someni Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 23. Mungu aliwaagiza Waisraeli wakae katika vibanda siku saba kila mwaka, ili vizazi vyao vijue kwamba baba zao walikaa hivyo walipotolewa Misri. Mtu mwenye nyumba ya mawe ilimpasa atoke, alale chini ya matawi na watoto wake, akumbuke alikotoka na nani aliyemleta.

Sura ya 25 ya kitabu hicho hicho inazungumzia mwaka wa hamsini, yaani Jubilei. Mwaka huo watumwa waliachiliwa huru, ardhi iliyouzwa ikarudishwa, na kila mtu akarudi kwa jamaa yake. Basi mama anapofika hamsini, jambo la kwanza si keki. Jambo la kwanza ni kuachilia na kurudiana. Tutalirudia hili hapa chini.

Muulize kwanza

Ndugu yangu mume, usifanye mpango huu kwa siri ukidhani unamfurahisha. Wanawake wengi wa umri huu wamekoma hedhi au wako karibu kukoma. Usingizi hukatika, joto humpanda mtu ghafla usiku, pengine viungo vinauma. Mwenzio aweza kuogopa kulala chini na hajui akuambieje. Muulize, umsikilize, umtafutie godoro zuri. Akisema heri Misa ya shukrani na chakula cha mchana pamoja na dada zake, mfanyie hivyo kwa moyo mmoja. Siku ni yake.

Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2016 uitwao Amoris Laetitia, yaani Furaha ya Upendo, aliwahimiza wanandoa watengeane muda wa kusikilizana kwa subira. Kusikilizana huko kuanze katika kupanga, msingoje mpaka mfike kambini.

Fedha nazo mzijadili wawili, daftari likiwa mezani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mahema yaweza kuazimwa au kukodiwa. Msichukue mkopo wa chama wala wa sacco kwa ajili ya sherehe. Fedha zikiwa haba, pigeni kambi katika shamba la nyumbani au la shangazi. Nyota ni zile zile. Na wazazi wa pande zote mbili waarifiwe mapema, wakaribishwe chai siku nyingine, ili bibi na mama mkwe wasione wametupwa.

Msimhamishie jiko

Kama mama atawasha moto, apike ugali na kuosha sufuria kama afanyavyo nyumbani, hamkumpeleka kwenye sherehe. Mmemhamishia jiko porini. Gawaneni kazi kabla ya kuondoka. Baba na wavulana wachukue kupika, nao wajaribu siku moja nyumbani kwanza. Wasichana wasipewe mzigo wa mama kwa sababu tu ni wasichana. Pikeni vitu vyepesi: githeri iliyochemshwa nyumbani, chapati za jana, mayai na chai.

Chagueni mahali kwa busara. Tuseme mnatoka Nairobi. Naivasha ni mwendo wa kilomita 90 hivi, na Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate iliyo karibu nayo inaruhusu watu kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia na twiga. Ina viwanja vya kupigia kambi vinavyosimamiwa na KWS. Ulizeni ada na nafasi mapema. Lakini yazingatieni haya:

1. Msiende msimu wa mvua nyingi. Mwaka 2012, na tena mwaka 2019, mafuriko ya ghafla katika korongo la Hell's Gate yaliua watu. Mvua hunyesha mbali na maji yakaja pale mlipo jua likiwaka. Msishuke korongoni bila kiongozi, na askari wa hifadhi akisema hapana, mtiini.

2. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na usiku ni baridi. Bebeni mablanketi ya kutosha. Msiingize jiko la makaa hemani kamwe, hata likionekana limefifia. Hewa yake haina harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

3. Mkipiga kambi kando ya ziwa, lalaneni ndani ya eneo lenye uzio na ulinzi. Viboko hutoka majini usiku kula majani.

4. Chakula kifungieni garini au kwenye sanduku, kwa maana nyani hawaulizi ni cha nani.

5. Ulizeni saa za Misa katika parokia iliyo karibu. Misa ya Jumamosi jioni hutimiza wajibu wa Dominika. Haifai kumshukuru Mungu kwa miaka hamsini huku mkiikosa meza yake.

Mambo yakiharibika

Gurudumu litapasuka, mvua itanyesha, mtoto atasahau tochi. Hapo ndipo ndoa hupimwa. Kumbukeni Injili ya Luka, sura ya 2. Yosefu na Maria walikuwa safarini pamoja na jamaa zao, wakaenda mwendo wa siku nzima wakidhani Yesu, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, yumo msafarani. Walipomkosa, hatusomi kwamba walikaa njiani kulaumiana nani alipaswa kumwangalia. Walirudi wote wawili wakamtafuta wote wawili, hata wakamwona baada ya siku tatu. Nanyi wahesabuni watoto, na likitokea la kutokea, kwanza tafuteni dawa.

Saa ya moto

Usiku wa kwanza, mkiisha kula, zimeni simu. Kila mtoto amwambie mama jambo moja ambalo hajawahi kumshukuru. Msiwaharakishe, kijana wa miaka kumi na saba huona haya, lakini giza humsaidia. Kisha salini fumbo moja la Rozari, watoto wakalale.

Ninyi wawili bakini. Hapa ndipo Jubilei inapoingia. Katika ndoa ya miaka ishirini na mitano yapo madeni ambayo hayakuandikwa popote: neno alilotamka mbele ya ndugu zako, mwaka ule ulipopoteza kazi akakuita mzembe, wakati ule alipofiwa nawe hukumsindikiza. Madeni haya huamka kila mnapogombana, na riba yake haiishi. Mume, chagua moja umwambie mkeo: hili nimeliachilia, hutalisikia tena kinywani mwangu. Kisha liko lile unalodaiwa wewe. Liombee msamaha bila kuongeza neno "lakini".

Msimwage yote usiku mmoja, wala usiigeuze siku yake kuwa baraza la kesi. Deni moja lililoachiliwa kweli latosha. Ila kama kuna kupigwa au kuteswa nyumbani, hilo halimalizwi kwa moto wa kambi; nendeni kwa padre na kwa watu wanaoweza kumlinda anayeumizwa.

Watoto wataondoka mmoja mmoja. Miaka michache ijayo meza itabaki na vikombe viwili. Ni afadhali mjifunze kuzungumza sasa, kuliko kugundua wakati huo kwamba mlikuwa mkizungumza kupitia watoto tu.

Ya kujadili nyumbani

Je, mwenzangu angependa siku yake iwe namna gani, nami nimemuuliza? Ni kazi gani anayoifanya kila siku ambayo naweza kumpumzisha? Ni deni gani la moyoni ninaloweza kuliachilia kabla ya mwaka huu kwisha?

Mungu, aliyekaa hemani pamoja na watu wake jangwani, azibariki nyumba zenu. Amina.