Mzazi Kwenye Dawati la Nyuma

Mzazi huitwa shuleni kwa mambo matatu: mchango, utovu wa nidhamu na matokeo. Anasubiri nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, anasikiliza, anaweka sahihi, anarudi shambani. Ni nadra kuitwa ili aingie darasani, akae dawati la nyuma na kusoma anachosoma mwanawe siku hiyo. Tumezoea hivyo hata hatuulizi kama ni sawa. Mimi naona si sawa, na sababu zangu nazitoa Masasi na Newala.

Huko, kwa Wamakonde, Wayao na Wamakua, elimu kongwe ni jando na unyago. Nako pia mzazi haketi na mwanawe. Mtoto hukabidhiwa kwa watu wengine, na wazazi hubaki nyumbani wakisubiri siku ya kutoka. Lakini baba anayesubiri anajua mwanawe anafundishwa nini, kwa kuwa naye alipita. Mama anajua binti yake anaimbiwa nini, kwa kuwa naye aliimbiwa. Siri inafichwa kwa yule ambaye hajapita, na mzazi alishapita zamani. Kwa hiyo mtoto akitoka, yuko karibu na wazazi wake kuliko alivyoingia. Sasa wana maneno ya pamoja.

Shule haikuja hivyo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alifika Masasi na watu waliokombolewa utumwani, na kazi ya misheni ikaanza pale. Mtoto aliyeingia katika shule za namna hiyo alijifunza mambo ambayo baba yake hakuwahi kuyapitia. Akitoka, alikuwa mbali na nyumbani kuliko alivyoingia. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926, anakumbukwa kwa kulipa jando sura ya Kikristo badala ya kulipiga marufuku. Tunaweza kubishana naye kwa mengi, lakini hapo alielewa kwamba kijana hapaswi kulazimishwa kuchagua kati ya elimu na watu wake.

Taifa nalo lilijaribu kuziba pengo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wazazi wakaingia katika madarasa ya shule za msingi, wakakalia madawati ya watoto wao, wakashika chaki. Sensa ya 1967 ilionyesha kwamba asilimia 67 ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1975 walibaki asilimia 39. Ni kazi kubwa ambayo kizazi chetu hakijafanya mfano wake. Ila jina la masomo yale lilikuwa kisomo chenye manufaa, na manufaa yalimaanisha kilimo bora, afya, lishe. Mtu mzima alifundishwa kuchimba choo na kupanda kwa mistari. Maswali makubwa, kama haki ni nini, rafiki anadaiwa nini na sheria inaishia wapi, yalibaki kwa watoto waliobahatika kufika sekondari, tena kwa Kiingereza.

Hata hivyo, ni Nyerere huyohuyo aliyetafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi*. Hii ya pili ilitoka 1969. Mtu anaweza kuuliza mkulima wa Newala ana haja gani na Venisi. Jibu ni kangomba. Katika mikoa ya korosho, mwenye njaa huuza mavuno kinyemela, pengine korosho zikiwa bado mtini, kwa bei anayoitaka mwenye fedha. Msimu ukifika, jasho la mwaka mzima limeshakuwa la mwingine. Tamthilia ile inahusu mkataba wa deni: Antonio asipolipa kwa wakati, Shylock ana haki ya kukata ratili ya nyama mwilini mwake. Je, mkataba uliotiwa sahihi kwa hiari unatosha kuwa haki? Kijana wa miaka kumi na sita atalijibu swali hilo kwa ajili ya mtihani. Baba yake amewahi kulala nalo.

Aristotle aliandika, katika kitabu chake cha maadili, kwamba kijana si msikilizaji anayefaa wa elimu ya siasa, kwa sababu hana uzoefu wa maisha. Nikimfuata, darasa lenye vijana peke yao lina upungufu. Vijana wana kitabu na hawana deni. Wazazi wana deni na hawana kitabu. Kuwatenga ni kuwanyima wote wawili.

Kuna hoja za kupinga, nazo si nyepesi. Mwalimu atahisi anakaguliwa. Mtoto anahitaji mahali ambapo macho ya mzazi hayafiki, na jando lenyewe linakubali hilo. Nami nakubali: mzazi anayekuja kumchunga mwanawe au kumpima mwalimu abaki nje. Ninayemtetea ni yule anayekuja kama mwanafunzi, mwenye swali lake mwenyewe. Huyo hamnyang'anyi mtoto nafasi. Anamwonyesha kwamba kutojua si aibu, hata mvi zikishaota.

Wengine watasema maskini hana muda. Kati ya Oktoba na Desemba kweli hana, korosho hazisubiri. Lakini tunampata muda wa kikao cha michango. Asubuhi moja kwa muhula tungeipata pia. Kizuizi kigumu zaidi ni lugha: kuanzia kidato cha kwanza masomo mengi ni kwa Kiingereza, na mzazi aliyekaa nyuma atasikia sauti tu. Kwa hilo tafsiri ipo, na mwalimu anayeweza kueleza kwa Kiswahili yupo.

Ninachokiogopa ni sentensi ambayo wengi wetu tuliosoma tumeisikia nyumbani: "Wewe mwanangu umesoma, mimi sina la kukushauri." Inasemwa kwa fahari, nasi tunaipokea kama heshima. Lakini ni mzazi anayejiuzulu. Amesadiki kwamba miaka yake hamsini ya kudai, kudaiwa, kusamehe na kuzika haihusiani na yaliyomo vitabuni, na sisi hatujamkanusha. Shule ikichelewa kumfungulia mlango, anayeweza kuanza ni sisi: kurudi likizo na *Mabepari wa Venisi*, kumsomea jioni kwa sauti, kisha kumwuliza kama Shylock alidhulumu au alidhulumiwa. Na kumwacha amalize kusema.