Ardhi Tupu ni Ipi?

Kila sheria ya ardhi ina mlango mwembamba ambao wapitaji wengi hawausimamii. Mlango huo ni kifungu cha tafsiri, kile kianzacho kwa kauli ya desturi, "Katika Sheria hii, isipokuwa pale muktadha utakapohitaji vyenginevyo", kisha ikafuata safu ya maneno: ardhi, jengo, kiwanja, mpaka, njia, mwenye ardhi. Msomaji asiye mwanasheria hukiruka kifungu hicho kama arukavyo dibaji ya kitabu, akakimbilia vifungu vya haki, ada na adhabu. Kumbe huko akimbiliako hukuta shauri limekwisha kukatwa. Aliyeamua maana ya "kiwanja" amekwisha kuamua nani anacho na nani hana. Yaliyobaki ni hesabu ya mpima ardhi na mhuri wa karani.

Suala hili, basi, ni la kimaadili kabla halijawa la kisheria. Mtunga sheria ana haki gani juu ya neno ambalo si yeye aliyelizaa? "Pwani" ilikuwako kabla ya afisi ya ardhi, na "konde", na "kiambo", na "kiunga". Akilichukua neno la watu akalivika maana nyengine, je, amelifafanua au amelipora?

Kamusi na sheria hufanana kwa sura zikatofautiana kwa tabia. Mtunga kamusi humfuata msemaji; husikiliza, huandika, na akikosea, wasemaji huendelea na maneno yao wala hawadhuriki. Mtunga sheria humtangulia msemaji, na msemaji ndiye atakiwaye kufuata. Kamusi ikikosea hurekebishwa kamusi. Sheria ikikosea hurekebishwa watu. Na katika kazi hiyo mtunga sheria anazo zana mbili. Ya kwanza ni "maana yake ni", ambayo hujenga ua na kulifunga neno ndani yake. Ya pili ni "ni pamoja na", ambayo hunyoosha mkono nje ya ua. Mkono ulionyooshwa huweza kupokea, na huweza pia kuchukua.

Mfano mmoja watosha kuonyesha uzito wa zana hizo. Mwaka 1999 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria mbili pacha kwa ajili ya Bara: Sheria ya Ardhi, Namba 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5. Zote mbili zinaigawa ardhi ya umma mafungu matatu, yaani ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Sheria ya Vijiji inasema kwamba ardhi ya jumla ni ardhi yote ya umma isiyokuwa ya hifadhi wala ya kijiji. Kauli hiyo imetimia, haina mkia. Sheria ya Ardhi inasema vivyo hivyo, kisha inaongeza kwamba ni pamoja na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji. Ardhi ya jumla iko mikononi mwa Kamishna wa Ardhi. Kwa hivyo bonde moja, likisomwa kwa sheria moja, ni la wanakijiji. Likisomwa kwa sheria ya pili, laweza kuwa limekwisha kuwatoka bila ya jiwe hata moja la mpaka kung'olewa.

Mwenye sikio la lugha atalisimamia neno hilo, "isiyotumika". Sarufi yenyewe inaficha jambo. Kitenzi kimekuja bila ya mtenda: isiyotumika na nani? Kimekuja pia bila ya wakati: isiyotumika lini, leo, msimu huu, au tangu enzi za mababu? Katika ardhi ya maweni, kusini na mashariki ya Unguja, mkulima hufyeka, hupanda kwa misimu michache, kisha huiacha ardhi ipumzike mpaka kichaka kirudi na rutuba irudi nacho. Ardhi iliyopumzika haijaachwa. Humo hukatwa kuni, humo hupita njia ya kisimani, humo mna makaburi na mizimu ambayo hapana mtu alimaye karibu yake, na kutolima huko ndiko kuitumia kwenyewe. Anayepita kwa gari ataona magugu na kusema, "Hapa patupu." Mwenyeji ataona mapumziko, dawa, malisho na wazee waliolala. Wote wawili wana macho. Ila mmoja wao ndiye aliyeshika kalamu.

Wenyeji wa mwambao wa Kenya walilionja jambo hili mapema zaidi. Ukanda wa maili kumi, uliokuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, uliingia katika utawala wa Waingereza kwa mapatano ya 1895. Mwaka 1908 ikatungwa sheria ya hati za ardhi, iliyomtaka kila mwenye dai alilete lisajiliwe. Ardhi ambayo hapana aliyeidai ikahesabika kuwa ni ya Serikali. Hapo "isiyodaiwa" iligeuzwa kuwa "isiyo na mwenyewe", kana kwamba mtu hudai kile ambacho hajapata kuambiwa kuwa si chake. Wengi katika Wamijikenda, ambao ardhi kwao ilikuwa ya ukoo na mji, hawakupata hati yoyote. Wajukuu wao wakaja kuitwa maskwota katika makonde yaliyolimwa na babu zao. Neno hilo la kigeni, fupi na kavu, limewafuata watu hao zaidi ya karne moja.

Lakini haitoshi kumlaumu mfasili na kumwacha njiani. Zipo fasili zilizotungwa kwa kusikiliza. Sheria ya Umilikaji Ardhi ya Zanzibar ya 1992 inaeleza kwamba ardhi ni pamoja na vyote viotavyo juu yake na majengo yaliyoshikamana nayo, kisha inaweka kando miti inayomilikiwa mbali na ardhi. Kwa mgeni, huo ni mkanganyiko. Kanuni iliyorithiwa kutoka kwa Warumi na kushikwa na Waingereza husema kwamba kilichoshikamana na udongo humfuata mwenye udongo. Visiwani desturi imesema vyengine siku zote: mwenye kupanda mnazi ni mwenye mnazi, hata kama udongo ni wa mwengine, na mkarafuu huweza kurithiwa, kuuzwa au kuwekwa rehani peke yake. Mombasa nako wako watu walioishi vizazi na vizazi katika nyumba zao wenyewe, juu ya ardhi ya mwengine wanayoilipia kodi. Kutamka kwamba nyumba ni sehemu ya ardhi, bila ya kuongeza neno la pili, ni kuwavua watu hao paa kwa nukta moja ya kalamu. Maneno machache ya kuweka kando, yale yanayosema "isipokuwa miti", yana uadilifu kuliko hotuba ndefu.

Na pwani je? Neno hili limejifasili lenyewe, maana limetokana na kupwa. Pwani ni pale maji yanapopwa, mahali panapokuwa pakavu na panapokuwa bahari kwa zamu. Bamvua likija, tofauti ya maji kujaa na kupwa katika visiwa hivi hufikia karibu mita nne kwenda juu, na katika fuo tambarare za mashariki ya Unguja bahari hurudi nyuma hata mtu akatembea kwa miguu mpaka karibu na mwamba. Sheria, nayo, hutaka mstari. Katiba ya Kenya ya 2010 imeitaja ardhi yote iliyo baina ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ni ya umma. Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Makusudio ni mema. Swali ni la mwenye kamba ya kupimia: ukingo upi? Wa bamvua au wa maji mafu? Kwa mwenye hoteli, jibu huweza kuwa ukuta mita chache mbele au nyuma. Kwa mwanamke wa Paje au Jambiani, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989, jibu ni njia ya kuteremkia baharini na kamba alizofunga kwenye vijiti vyake, katika shamba ambalo mara mbili kwa siku halionekani. Shamba hilo, katika macho ya mpima, nalo si tupu?

Atatokea mwenye hoja kinyume, na hoja yake ina nguvu. Atasema kwamba ulegevu wa maneno haujapata kumlinda mnyonge. Pale ambapo mpaka ni "mpaka mwembe wa bibi", mwembe ukianguka, mwenye wakili ndiye atakayekumbuka uliposimama. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tena iko haja ya kuugawa udongo kwa hesabu. Mtu akifariki akaacha shamba la eka 3, mke mmoja, wana wawili wa kiume na watatu wa kike, mirathi imekwisha kukadiriwa: mke thumni, na kilichobaki kila mwana wa kiume hupata mara mbili ya fungu la wa kike. Mke na kila binti watapata thumni moja moja ya shamba, yaani chini ya nusu eka, na kila mwana wa kiume robo. Kizazi cha pili kikigawa tena, patabaki viwanja visivyoweza kupitisha gari ya zimamoto wala mkokoteni wa maji. Kanuni za ukataji wa viwanja zinazosema kiwanja kisipungue kiasi fulani, na kila kiwanja kiwe na njia, hazikubuniwa kwa uadui. Mji uliokatwa bila ya kanuni huwatesa kwanza maskini wake.

Hoja hiyo ni ya haki, nayo inabainisha kwamba ugomvi haukuwa baina ya kufasili na kutofasili. Mnyonge anahitaji fasili kuliko mwenye nguvu, kwa kuwa mwenye nguvu hupita hata pasipo na njia. Kinachoulizwa ni adabu ya kufasili, na adabu hiyo haikosi mambo matatu.

La kwanza, neno lililochukuliwa kwa watu lirudishwe kwao kabla halijapigwa mhuri. Sheria za 1999 zilitungwa kwa Kiingereza, zikawafikia wanavijiji kwa tafsiri. Na kila aliyewahi kutafsiri anajua kwamba neno huvuka bahari likaacha mzigo nyuma. Mwaka 2021 Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria zake. Hatua hiyo ni kubwa, ila Kiswahili cha afisini nacho chaweza kuwa lugha ya kigeni kwa mkulima, ikiwa hakuulizwa. La pili, kila neno la kukanusha litaje mtenda na wakati wake. Asiruhusiwe mtu kuandika "isiyotumika" bila ya kuandika na nani, na kwa muda gani, na nani atakayeulizwa kabla ya kuamua. La tatu, mzigo wa shaka umwangukie mfasili. Neno likiwa na maana mbili, ifuatwe ile iliyokuwa midomoni mwa waliokaa juu ya ardhi hiyo kabla ya sheria kuandikwa, kwa sababu wao hawakuwa na nafasi ya kuifuta wala kuisahihisha rasimu.

Washairi wa mwambao wamelelewa katika ilimu hii. Mtunzi anajua kwamba mizani moja ikizidi, ubeti wote huyumba, na kwamba neno likiwekwa kwa ajili ya kina tu, bila ya maana, wasikilizaji hulitambua na hulicheka. Rasimu ya kanuni za ardhi haichekwi. Husomwa kimya kimya, ikapitishwa, na siku moja asubuhi mpima akaja na kamba na mawe, akasimama penye kichaka kilichopumzika, akauliza kwa upole pana nini hapa. Bibi aliyekuja kukata kuni akajibu, "Hapa ni kwetu." Mpima akainamia karatasi yake, ambamo neno hilo halikufasiliwa, na mahali pake akaandika: tupu.