Je, Sawasawa Ndiyo Haki?

Wako watu wasemao, "Mimi katika kazi yangu sibagui mtu, wote nawatendea sawasawa." Neno hili ni jema masikioni. Walakini yafaa tuulize: kuwatendea watu wote namna moja, je, ndiko kuwatendea haki?

Tutazame habari ya watu wenye ulemavu. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 yamwagiza kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awaajiri watu hao, wasipungue 3 katika kila 100. Tena sheria ya ajira ya mwaka 2004 yakataza ubaguzi kazini kwa ajili ya kabila, dini, jinsia, ulemavu na mengineyo. Basi wengine hunung'unika, wakisema, "Huu ni upendeleo."

Fikirini neno hili. Afisini mna taa. Ni nani aihitajiye? Ni sisi tuonao. Kwa kipofu giza na nuru ni mamoja. Kila mwezi mwajiri hulipa gharama ya taa kwa ajili yetu, wala hatusemi kwamba tumependelewa. Ngazi nazo zilijengwa kwa kipimo cha wenye miguu, na matangazo hutolewa kwa sauti kwa ajili ya wenye kusikia. Kumbe upendeleo ulikuwapo tangu zamani, ila hatukuuona, kwa kuwa waliopendelewa ni sisi! Basi kiziwi akiandikiwa tangazo, na mwenye kiti cha magurudumu akijengewa njia ya kupandia, hawakuzidishiwa kitu juu yetu. Wamepewa kile tulichokwisha kupewa sisi.

Tena hesabu ya watu si mwisho wa haki. Mwajiri aweza kutimiza watu wake 3, kisha akamketisha kiziwi pembeni, asimpe kazi ya maana, wala asimtake shauri. Mtu huyo yumo katika daftari ya mshahara, lakini kazini hayumo. Wala hasara si yake peke yake. Maana aliyezoea kutazama kwa makini huenda akaona kosa ambalo sisi, kwa wingi wa maneno yetu, tumelipita. Mkono mmoja haulei mwana.

Kwa hiyo kila aongozaye kazi na ajiulize: Ni nani asiyeingia bado? Aliyeingia, ni kitu gani kimzuiacho? Na shauri lake, je, limesikiwa? Asiyejiuliza hayo asifanye haraka kusema kwamba habagui.