KODI YA NYUMBA YA URITHI NA POSHO YA KAZINI



Ndugu Waislamu, limeulizwa katika darasa letu suali ambalo kwa dhahiri ni la mtu mmoja, lakini kwa hakika ni la nyumba nyingi za miji yetu. Kijana wa Kiislamu, ambaye wazee wake walitoka pwani wakaenda kufanya biashara upande wa ziwa, ameajiriwa Homa Bay. Anakaa katika nyumba aliyoiacha marehemu baba yake katika mji huo, nayo haijagawanywa. Warithi ni mama yake, nduguye mwanamume, dada yake, na yeye mwenyewe. Wale watatu wako Mombasa. Mwajiri wake humrudishia mfanyakazi kodi ya nyumba kila mwezi, akionyesha stakabadhi. Je, yafaa kijana huyu awalipe jamaa zake kodi, kisha aidai kwa mwajiri? Na kama yafaa, adai kiasi gani?

Jawabu la suali la kwanza ni kuwa yafaa. Dini haikumkataza mtu kupanga nyumba ya mama yake au ndugu yake, kwani udugu hauondoi milki. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamejuzisha kukodisha fungu la nyumba isiyogawanywa. Naye Imamu Abu Hanifa, ambaye hakujuzisha fungu kama hilo kukodishwa mtu wa nje, amejuzisha likikodishwa mshirika. Basi mshirika akiyakodi mafungu ya wenziwe, hana la kulaumiwa.

Na sheria ya nchi pia yampa mfanyakazi haki yake. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 31, imemlazimisha mwajiri ampe mfanyakazi makao ya kufaa, au ampe fedha za kutosha kodi mbali na mshahara wake, ila pale mapatano ya kazi yalipokwisha kuchanganya kodi ndani ya mshahara. Kwa hivyo mwenye kudai posho ya nyumba hadai sadaka, adai haki.

Lakini yapasa tujue kuwa posho hizi ni za namna mbili, na hukumu zake ni mbali mbali. Ya kwanza ni ile inayotolewa kwa kiasi maalumu pamoja na mshahara, kwa cheo cha mtu na mahali anapofanya kazi, kama wapatavyo watumishi wengi wa serikali. Hii haiulizwi stakabadhi. Akikaa nyumba ya kupanga, au akikaa nyumba yake, ni mali yake halali. Ya pili ni ile inayorudisha kodi aliyokwisha kuilipa mtu. Hii ni amana, na kila shilingi inayoandikwa katika stakabadhi ni ushahidi. Kijana wetu yuko katika namna hii ya pili, na hapa ndipo penye khatari.

Na tufanye hesabu, kwani hesabu haina haya. Tuseme kodi ya nyumba kama hiyo mjini Homa Bay ni shilingi 8,000 kwa mwezi. Marehemu ameacha mke, wana wawili wanaume, na binti mmoja. Kwa hukumu ya Sura ya Nisaa, aya za 11 na 12, mke ana thumni, na kinachobaki hugawanywa baina ya watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Basi katika shilingi 8,000, mama ana 1,000, kila mwana mwanamume ana 2,800, na binti ana 1,400. Yeye anayekaa ndani ni mmoja wa wana, na mtu hajilipi kodi mwenyewe. Kodi anayodaiwa kwa kweli ni shilingi 5,200. Akipeleka kwa mwajiri stakabadhi ya 8,000, amedai 2,800 ambazo hazikutoka mkononi mwake, na huo ni uwongo ulioandikwa ukatiwa saini.

Na liko ovu kubwa zaidi ya hilo. Wako watu ambao huzipokea hizo fedha kwa jina la mama na dada, kisha mama na dada wasione hata senti moja. Huambiwa nyumba ni ya familia, na mwanamke wa heshima hamdai ndugu yake. Basi mtu huyu amedhulumu mara mbili: amemdanganya aliyemwajiri, na amekula haki ya jamaa zake. Na akiwa miongoni mwa warithi yuko yatima, basi na aisome aya ya 10 ya Sura hiyo hiyo, aone wamekamiwa nini wale wanaokula mali ya mayatima. Twastaajabu kuona watu hukopa fedha nyingi kwa karamu ya arubaini, na miaka kumi baadaye thumni ya mjane bado haijatolewa!

Pengine mtu atasema: mwajiri ni tajiri, au si Muislamu, wala shilingi 2,800 hazimpunguzii kitu. Twamjibu kwa kumkumbusha siku ya Hijra. Watu wa Makka walikuwa wamekusudia kumuua Mtume, na huku amana zao zimo nyumbani mwake. Alipoondoka alimwacha Sayyidna Ali nyuma ili awarudishie wenyewe. Ikiwa adui aliyekusudia kuua amerudishiwa amana yake, vipi ataliwa mwajiri ambaye hana kosa?

Wala jambo hili si la kwetu peke yetu. Huko Uingereza, ambako ndugu zetu wengi wa Afrika Mashariki wamehamia, kanuni za mwaka 2006 za msaada wa kodi ya nyumba hazikumkataza mtu kwa sababu tu mwenye nyumba ni jamaa yake, maadamu hawakai nyumba moja. Lakini zimekataza upangaji usiokuwa wa kweli, na ule uliobuniwa kusudi ili kuchuma msaada. Wao wamelijua hilo kwa uzoefu wa serikali yao. Sisi tumefundishwa zamani kuwa amali hutazamwa kwa nia.

Basi nasaha yetu kwa kijana huyu, na kwa kila aliye katika hali kama yake, ni hii. Kwanza, waandikiane mapatano yenye mashahidi, yakitaja fungu la kila mmoja na kodi iliyo sawa na ya nyumba za jirani, wala isipandishwe kwa kuwa mlipaji ni mwajiri. Pili, amjulishe mwajiri kwa barua kuwa nyumba ni ya urithi na yeye mwenyewe ana fungu ndani yake. Akikubali, amekubali kwa kujua, na akikataa, ni haki yake. Tatu, ampelekee kila mrithi fedha zake mkononi mwake, kwa benki au kwa M-Pesa, na stakabadhi itolewe na aliyepokea. Nne, gharama za kutengeneza nyumba zibebwe na wote kwa kadiri ya mafungu yao, si kwa mwenye kukaa peke yake, wala si kwa walio mbali peke yao.

Na lililo bora kuliko yote ni kuigawa mirathi mapema, au mmoja awanunue wenziwe kwa thamani ya haki. Wakikhitilafiana, mahakama ya Kadhi imethibitishwa na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, kuhukumu mirathi ya Waislamu walioridhia hukumu yake. Kwenda kwa Kadhi si kuvunja udugu. Kinachovunja udugu ni nyumba ambayo mmoja anaikalia, mwengine anaihesabu, na wa tatu anailia.

Mwenyezi Mungu atutoshe kwa halali yake, na atulinde na kula haki za watu kwa karatasi zenye mihuri. Amin.