Vitunguu vya Misri

Kitabu cha Hesabu, katika sura ya 11, chatusimulia jambo ambalo kwa mara ya kwanza laweza kutuchekesha. Waisraeli walikuwa wamekwisha kutolewa utumwani kwa mkono hodari wa Mungu. Bahari walikuwa wameivuka, jeshi la Farao wameliona likizama, na kila asubuhi mana iliwangoja nje ya hema. Ndipo walipokaa wakalia. Walilia nini? Walilia samaki wa Misri, matango, matikiti na vitunguu. Fimbo za wanyapara walikuwa wamezisahau. Ladha ya vitunguu hawakuisahau.

Mtakatifu Fransisko wa Sales, Askofu wa Geneva, aliona humo picha ya Wakristu wengi. Katika kitabu chake juu ya maisha ya uchaji, kilichotoka mwaka 1609, afundisha ya kwamba wako watubuo ambao huiacha dhambi, wasiache kuipenda. Awafananisha na mgonjwa aliyekatazwa matikiti na daktari. Hayali, kwa kuogopa kufa; lakini hushinda akiyataja, hupenda kuyanusa, na huwaonea wivu wenye ruhusa ya kuyala.

Sisi twaona ya kuwa hapo ndipo tulipokwama wengi wetu. Dhambi kubwa humtisha mtu, naye humkimbilia padri. Kizuizi kikaacho ndani miaka ishirini ni kile tulichokwisha kupatana nacho, tukakipa na jina la heshima. Uchoyo twauita uangalifu. Masengenyo twayaita habari za mtaa. Kiburi cha baba asiyekubali kuambiwa neno na mkewe chaitwa msimamo. Na kitu chenye jina zuri, nani atakiungama?

Tutazame kinyongo, maana hiki twakiona kimepewa chumba chake katika nyumba nyingi za Kikristu. Ndugu wawili waligombana juu ya mpaka wa shamba. Mmoja ameungama, ameondolewa dhambi, ametimiza malipizi. Mwulizeni, naye atajibu: “Nimemsamehe, lakini kwake sikanyagi.” Matusi yamekwisha, ni kweli. Lakini akisikia kwamba mahindi ya ndugu yake yameliwa na nguruwe, moyoni huingia utamu kidogo. Utamu huo ndio kitunguu chenyewe. Na watoto, ambao siku ya ugomvi hawakuwa wamezaliwa, wajua barabara nyumba ipi hupitwa bila salamu. Hakuna aliyewafundisha kwa maneno.

Hatusemi kwamba mtu aache haki yake. Mpaka na utazamwe na wazee, na ikibidi mahakamani. Tena yuko aliyeumizwa kikatili, ambaye jeraha lake lingali bichi. Maumivu si dhambi, na pengine kukaa mbali na aliyemwumiza ndiyo salama yake. Twasema habari za yule ambaye jeraha lake lilikuwa limeanza kupona, naye hulikwaruza kila jioni lisije likafunga.

Mtu wa namna hii husali rozari, hushiriki Misa Takatifu, naye hushangaa kwamba mwaka huu moyo wake ni ule ule wa mwaka uliopita. Hulalamika ya kuwa sala zake zimekauka. Bwana wetu, katika Injili ya Matayo sura ya 5, aliagiza kwamba mtu akileta sadaka altareni, akakumbuka ya kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache hapo, aende kwanza kupatana. Tuangalie vema: ni ndugu aliye na neno juu yetu. Wengi twaisoma kinyume, tukakaa nyumbani kungoja mwenzetu aje kutuangukia.

Mizizi hii haing’oki kwa nguvu zetu, ila kwa neema. Na neema huombwa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, ambayo yatudai kuungama dhambi za mauti walau mara moja kwa mwaka, yatushauri kuungama hata dhambi nyepesi. Basi tukitaje kilema kwa jina lake halisi. Kusema “nilikuwa na hasira” ni rahisi. Kusema “nilifurahia hasara ya ndugu yangu” ni kazi nyingine, na hiyo ndiyo ifikayo mzizini.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola naye ametuachia njia katika Mazoezi ya Kiroho, yaliyothibitishwa na Papa Paulo III mwaka 1548. Ataka tuchague kilema kimoja tu. Aamkapo asubuhi mtu aazimie kujilinda nacho. Baada ya chakula cha mchana, na tena baada ya chakula cha jioni, ajihesabu ameanguka mara ngapi, atie alama karatasini, kisha alinganishe siku na siku, juma na juma. Na kila aangukapo aweke mkono kifuani kwa majuto, jambo liwezekanalo hata mbele ya watu wengi pasipo wao kutambua. Hivyo mama aliye sokoni, akisikia jina la jirani yake likitajwa na moyo ukaanza kuwaka, aweza kuugusa mkono kifuani, akamwombea yule jirani kwa jina, na kuendelea kupima mchele wake.