Ati ni Homoni Tu

Kuna sentensi fupi inayozunguka sana mjini siku hizi: "Ni homoni tu." Mwanamume akimfokea mkewe mbele ya watoto, marafiki zake watamtetea: wacha, ni homoni, ametoka kazini na presha. Mwanamke akilalamika kwamba amechoka kubeba nyumba peke yake, ataambiwa: tulia, hizo ni homoni zako. Neno lile lile linamfungulia mmoja mlango na kumfunga mwingine mdomo. Sasa hizo homoni zenyewe husema nini?

Mwaka 1902 jijini London, William Bayliss na Ernest Starling waligundua kwamba utumbo unaweza kulishtua kongosho limwage majimaji ya kusaga chakula hata neva zikiwa zimekatwa. Ujumbe ulipitia kwenye damu. Mwaka 1905 Starling akaupa ujumbe wa aina hiyo jina la homoni, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kuchochea. Aliyechochewa bado ana lake la kufanya.

Chukua adrenalini. Matatu ikikukosakosa barabarani, tezi zilizo juu ya figo zinaimwaga kwenye damu. Inazunguka mwili mzima, lakini inasikika tu na seli zenye vipokezi vyake. Na hata hizo hazijibu sawa: moyo unakimbia, ini linatoa sukari, utumbo unapunguza kazi. Ujumbe ni mmoja, majibu ni mengi. Maana yake inategemea pia nani ameupokea.

Ndiyo maana utetezi wa "ni homoni" hauniingii. Adrenalini hiyo hiyo humrusha shabiki timu yake ikifunga bao, akamkumbatia mtu asiyemjua. Na yule anayemfokea mkewe jioni, mchana alikasirishwa na bosi akanyamaza kimya. Moyo ulimdunda vile vile. Kumbe breki anazo, ila anachagua mahali pa kuzikanyaga.

Utaniuliza, na wanaougua je? Ni kweli wapo. Tezi ya shingoni ikizalisha homoni kupita kiasi, mtu anaweza kukosa usingizi, akawa na wasiwasi na hasira za haraka. Huyo apelekwe kwa daktari, asihubiriwe. Lakini hata yeye, akishajua kinachomsumbua, ana deni la kutafuta matibabu kabla nyumba nzima haijamzoea kwa hofu.

Na yule mama aliyeambiwa atulie? Tuseme kweli homoni zake zimebadilika wiki hii. Sawa. Labda ndizo zilizompa sauti ya kusema alichokimeza mwezi mzima. Vyombo bado viko kwenye sinki, mtoto bado hajaoga, na aliyemwambia atulie bado amekaa kwenye kochi. Hayo hayapimwi kwa damu.