Kosa la Usiku Mmoja

Malindi ninayoisema mimi si ile ya Kenya yenye bahari na watalii. Yangu ni Malindi ya Lushoto, juu katika milima ya Usambara, kwenye njia iendayo Mtae, mahali ambapo ukungu huingia ndani bila kubisha hodi na mwezi wa Julai watu hulala na mablanketi mawili. Hapa ndipo nilipozaliwa mwaka 1954, na hapa ndipo niliporudi kulima viazi na kabichi baada ya kupiga gitaa la ridhimu katika bendi za dansi kwa zaidi ya miaka ishirini. Vidole vyangu sasa vinajua jembe kuliko nyuzi, lakini masikio hayajastaafu.

Watu wakishajua kwamba ulikuwa mwanamuziki, hukuuliza maswali yaleyale. Msondo au Sikinde? Atomic au Jamhuri? Nani alikuwa fundi zaidi wa gitaa? Nami simnyimi mtu maoni yangu. Husema kwamba NUTA Jazz, ambayo baadaye iliitwa JUWATA, kisha OTTU, na leo Msondo Ngoma, ilikuwa na wapiga tarumbeta na saksafoni waliojua kusubiri zamu yao, jambo ambalo ni gumu kuliko kupuliza. Husema kwamba Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978 na kuwachukua watu kama Muhiddin Maalim Gurumo kutoka JUWATA, iliimba kama watu wanaoelezana habari za nyumbani. Husema kwamba sisi tuliokulia mkoa wa Tanga tuliharibiwa na Atomic Jazz na mtindo wao wa Kiweke, kwa maana baada ya kuwasikia wao, gitaa lolote lenye haraka lilitukera. Na nikifika kwa Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari huko Mombasa mwezi Januari 1979 akiwa na umri wa miaka 34 tu, husema kidogo, kisha hunyamaza.

Hayo ni maoni ya barazani. Hayamdhuru mtu. Lakini mwaka 2023 nilijiwa na swali la muziki ambalo halikuwa la barazani, na tangu siku hiyo nimekuwa mwangalifu zaidi ninapotoa hukumu juu ya bendi yoyote. Ili msomaji anielewe, sina budi kwanza kueleza tofauti iliyopo kati ya dansi na santuri.

Wimbo wa dansi ukumbini hauna urefu maalumu. Ukiona watu wamekolea, unauzungusha. Mpiga solo anapewa nafasi, anairudisha kwa saksafoni, nayo inairudisha kwake, na robo saa inapita hakuna aliyechoka. Santuri za mizunguko 45 hazikuujua mchezo huo. Wimbo ulikatwa katikati: nusu upande wa kwanza, nusu upande wa pili, na msikilizaji alisimama kuigeuza wakati ndiyo kwanza miguu imepata moto. Hata hizo santuri zenyewe zilikuwa shida kupatikana. Tanzania hatukuwa na kiwanda cha kuzifyatua. Zilifyatuliwa Nairobi, na mpaka ulipofungwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, hadi ulipofunguliwa tena mwaka 1983, njia hiyo iliziba.

Tegemeo letu lilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ilisafiri, ikaingia studio, ikapiga nyimbo zake, fundi mitambo akazinasa. Akikosea mmoja, tulirudia wote. Kwa hiyo kilichokwenda hewani kilikuwa kile tulichokubali kisikike. Ukumbini hakuna kurudia. Lakini ukumbini kosa lina msamaha wake: likishapita limepita, na waliolisikia ndio haohao waliokuwa wakicheza nalo. Kwa miaka mingi niliamini kwamba huo ndio mpango mzuri. Studio ni ya usahihi, ukumbi ni wa msamaha. Sikufikiri juu ya kitu cha tatu, yaani kaseti.

Krismasi ya mwaka 1986 bendi yetu ilipanda milimani kutoka Tanga. Tulipiga Lushoto, na kesho yake tukapiga Lukozi, karibu kabisa na kwetu. Umeme ulikuwa wa jenereta, baridi ilikuwa ya kukausha vidole, na ukumbi ulijaa wakulima waliokuwa wameuza mazao vizuri. Mimi nilikuwa nimeweka redio-kaseti yangu juu ya kreti la soda, kando ya spika. Nilitaka kuisikiliza ridhimu yangu mwenyewe. Nakiri kwamba ilikuwa ni majivuno tu.

Mpiga solo wetu alikuwa mtu wa Muheza, rafiki yangu kuliko ndugu wengi. Katika wimbo wa nne waya wa gitaa lake ulikatika. Hakusimama. Alijaribu kuyahamishia mapigo yake kwenye nyuzi zilizobaki, lakini zile nazo zilikuwa zimelegea, na kwa muda mrefu, mrefu sana kwetu sisi jukwaani, alikuwa akipiga nje kabisa ya sauti yetu. Mwisho akajipata. Watu hawakuacha kucheza hata kidogo.

Asubuhi, tukinywa chai pale tulipolala, vijana waliichukua redio yangu wakaifungulia kaseti. Ilipofika mahali pale walicheka mpaka wakamwaga chai. Yeye hakucheka. Baadaye alinivuta kando akaniambia, "Ndugu yangu, ile kanda ifute. Wale wa jana niliwakosea, na wakanisamehe, walicheza. Atakayeisikia kesho hakucheza. Huyo hatanisamehe."

Nikamwahidi kuifuta. Mwezi mmoja baadaye aliniuliza, nikamjibu kwamba nimekwisha kuifuta. Nilikuwa sijaifuta. Upande wa pili ulikuwa na nyimbo tatu zilizonyooka, na ridhimu yangu humo ilikuwa tamu. Nilisema uongo kwa ajili ya nyimbo tatu.

Alifariki mwaka 2009. Mazishi yake yalijaa watu wa muziki, lakini redio ilipokuwa ikipiga nyimbo zetu enzi hizo ilitaja jina la bendi na pengine la mwimbaji, vidole havikutajwa. Katika nyimbo zile za studio wapiga solo walibadilika mara kwa mara, na leo ni sisi wachache tu tunaoweza kusema huyu ni yeye na huyu si yeye.

Mwaka 2023 mtoto wake wa kiume alipanda basi kutoka Mombo akaja mpaka hapa Malindi. Alinisalimu, "Shikamoo, baba mdogo," akakaa, akala viazi, akaniuliza habari za mashamba. Kisha akasema alichojia. Mmoja wa wale vijana wa mwaka 1986, sasa mzee kama mimi, alimwambia kwamba huenda bado ninayo kanda ya Krismasi ya Lukozi.

Kuna mgeni Mjerumani aliyewahi kutusaidia mazoezi ya kwaya huku kwetu, ambaye alinisimulia habari za kiongozi mmoja wa okestra, Sergiu Celibidache, mzaliwa wa Romania. Huyu aliiongoza okestra kubwa ya mjini München tangu mwaka 1979 hadi alipofariki mwaka 1996. Aliamini kwamba muziki huzaliwa na kufa palepale ukumbini, na alikataa maonyesho yake yasiuzwe katika santuri. Lakini mikanda ilikuwapo. Baada ya kifo chake familia yake iliruhusu itolewe, na leo mtu yeyote anaweza kuinunua. Wakati ule niliona ni mchezo wa wakubwa, tena nilicheka. Sasa mchezo huo ulikuwa umekaa sebuleni kwangu ukila viazi.

Nilikwenda chumbani nikaileta kanda. Tuliiweka. Mimi nilikuwa nangoja lile kosa, mwili mzima umekaza kama siku ile. Lilipofika, nilisikia kitu ambacho kwa miaka yote nilikuwa sikukizingatia. Waya ulipokatika, rafiki yangu alisogea kwenye maikrofoni akasema, "Jamani, waya umekufa, sisi bado!" na akacheka. Halafu ndipo likaja lile fujo la sauti. Kijana hakulisikia fujo. Alikuwa ameinama, mkono mdomoni. Alikuwa hajaisikia sauti ya baba yake kwa miaka kumi na minne.

Akatoa simu yake mfukoni, akaniomba aniwekee karibu na spika anase.

Hapo ndipo lilipo swali langu, na nalieleza kama lilivyonijia, maana kila upande ulikuwa na haki yake. Upande mmoja ulisema kwamba aibu ya mtu hufa na mwenyewe. Marehemu hana tena wa kumcheka, na mtoto ana njaa ya sauti ya baba yake. Tena, ule usiku haukuwa wa mpiga solo peke yake. Ulikuwa wa bendi nzima, na wa wale wakulima waliocheza. Kwa nini mmoja awe na mamlaka ya kuufuta?

Upande wa pili ulisema jambo fupi: ahadi ni deni. Aliye hai ukimwahidi, unaweza kumwendea ukamwambia, ndugu yangu, nifungulie. Aliyekufa hawezi kukufungulia. Na simu si kaseti. Kaseti hukaa nyumbani kwa mtu, na kila ikichezwa huchakaa kidogo, kama sisi. Kilichoingia kwenye simu jioni kinaweza kuwa Tanga, Dar es Salaam na Muscat kabla ya kulala, kwa watu ambao hawakucheza. Rafiki yangu hakuyajua mambo ya simu, lakini hofu yake ilikuwa hasa juu ya hao.

Nikamweleza kijana yote. Kwamba baba yake aliniomba niifute, kwamba niliahidi, na kwamba nilimdanganya. Nilidhani atakasirika. Aliuliza, "Kwa hiyo baba alikufa akijua imefutwa?"

Nikasema ndiyo.

"Basi aliondoka ametulia," akasema. Kisha akairudisha simu mfukoni mwenyewe, bila mimi kumkataza. "Naomba uirudishe mwanzo, baba mdogo."

Tuliisikiliza mara tatu jioni ile. Mara ya tatu tulicheka pamoja pale waya ulipokatika, na nikahisi kwamba pengine hivyo ndivyo yeye alivyotaka ichekwe, na mtu wake, mahali padogo.

Sisemi kwamba nilitenda sawa. Uongo wangu ulimtuliza mtu, lakini haukuwa na nia hiyo, na siwezi kujipa sifa kwa jema ambalo sikulikusudia. Pia najua kwamba kama ningekuwa mwaminifu mwaka 1986, kijana yule angerudi Muheza mikono mitupu. Mambo haya mawili nimeyaweka pamoja na bado hayajapatana. Nilichofanya ni kuandika jina la kijana juu ya kasha la kanda. Siku yangu ikifika, ni yake. Yeye hakuahidi kitu kwa mtu, na atakachoamua kitakuwa juu yake na baba yake. Mpaka siku hiyo inakaa hapa, na yeye anajua njia. Mwaka jana alikuja tena.

Tangu hapo, mtu akiniuliza bendi gani ilikuwa bora, humuuliza kwanza umewasikia wapi. Kama ni kwenye redio au santuri, namwambia wahukumu utakavyo, maana walikupa kile walichokubali wenyewe, na hata wao wangependa wapimwe kwa hicho. Lakini kama amewasikia kwenye kanda iliyonaswa ukumbini na mtu wa pembeni kama mimi, humwomba awe mpole. Wale hawakuwa wakimpigia yeye. Walikuwa wakiwapigia watu waliokuwa mbele yao, na kosa lao lilikwisha kusamehewa kabla yeye hajafika.